Magogo 14, Visiki 6: Uchambuzi wa Kisa cha Upimaji wa Ujazo na Ukataji wa Miti Usio Halali

Lori moja lilisimamishwa jioni katika kizuizi cha ukaguzi wa mazao ya misitu likiwa limebeba magogo 14, yote ya urefu wa mita 4 na ya aina moja ya mti. Dereva alitoa hati ya kusafirishia iliyotaja magogo 14 yenye mita za ujazo 9.88. Alitoa pia nakala ya kibali cha uvunaji kilichoruhusu kukatwa kwa miti 6 iliyopewa namba na kugongwa alama ikiwa bado imesimama, ndani ya kitalu chenye mipaka iliyotajwa, kila mti ukiwa na kipenyo kisichopungua sentimita 50 katika usawa wa kifua, na ujazo wa jumla usiozidi mita za ujazo 11.20. Kila gogo lilikuwa na alama ya nyundo ya ofisi, yaani muhuri wa chuma ambao afisa huugonga kwenye gogo kuonyesha kwamba ni halali. Mkaguzi alipima mzigo ukiwa juu ya lori, akapata mita za ujazo 17.88, akaandika kwamba mzigo umezidi hati kwa mita za ujazo 8.00, kisha akalishikilia lori na kumkabidhi dereva kwa polisi.

Kisa hiki ni cha mfano. Hakihusu lori, ofisi wala msitu wowote mahususi, na vipimo vyake vimepangwa ili msomaji aweze kuzifuata hesabu moja baada ya nyingine, lakini kila kosa lililomo ni la aina inayotokea katika kazi hii. Kinastahili kuchambuliwa kwa kirefu kwa sababu ziada iliyodaiwa kizuizini haikuwepo kabisa, ilhali uhalifu uliokuwepo ulikuwa umefunikwa na hati ambayo idadi yake ililingana na mzigo gogo kwa gogo. Hoja yangu ni kwamba kipimo kisicho sahihi hakiishii kupoteza mapato ya umma: kinafungua nafasi ndani ya hati, na katika nafasi hiyo miti isiyoruhusiwa huingia na kutoka msituni ikiwa na karatasi safi.

Namba ya kizuizini

Magogo yalikuwa yamepangwa huku ncha zake nene zikielekea nyuma ya lori, upande ambao mkaguzi aliweza kuufikia. Alinyoosha utepe juu ya kila uso aliouona, akasoma kipenyo kutoka ukingo hadi ukingo pamoja na gome, kisha akachukulia kwamba gogo lina unene huohuo kutoka mwanzo hadi mwisho. Utepe wake ulikuwa mzima na kuzidisha kwake kulikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba alipima mcheduara ambao haukuwepo, kwa kuwa shina la mti hupungua unene kuelekea juu, na gogo la chini kabisa huwa limetanuka pale lilipokutana na mizizi.

Ili ukubwa wa tofauti uonekane, tuchukue gogo moja tu kati ya yale 14. Urefu wake ni mita 4.00, ncha nene ina kipenyo cha sentimita 62, ncha nyembamba sentimita 50, katikati sentimita 55, na gome lake lina unene wa sentimita 1.5 kila upande, hivyo kipenyo cha katikati bila gome ni sentimita 52. Kwa njia ya mkaguzi, gogo hili lina mita za ujazo 1.21. Kwa kanuni ya Smalian, ambayo huchukua wastani wa maeneo ya ncha mbili na kuuzidisha kwa urefu, lina 1.00. Kwa kanuni ya Newton, ambayo hujumlisha eneo la kila ncha na mara nne ya eneo la katikati, kisha kugawanya kwa sita na kuzidisha kwa urefu, lina 0.97. Kwa kanuni ya Huber, inayotumia eneo la katikati peke yake, lina 0.95 pamoja na gome na 0.85 bila gome. Kwa kanuni ya robo ya mzingo, ambayo huzidisha robo ya mzingo wa katikati kwa yenyewe kisha kwa urefu, lina 0.75 pamoja na gome na 0.67 bila gome.

Gogo ni lilelile, na kila moja ya namba hizo ni matokeo sahihi ya hesabu yake. Kubwa kuliko zote inakaribia kuwa mara mbili ya ndogo kuliko zote. Kwa hiyo sentensi kama "gogo lina mita za ujazo 1.21" haina maana ya kisheria mpaka isemwe ni kanuni ipi iliyotumika, kipenyo kilichukuliwa wapi, kama gome limo au halimo, na namba zilikadiriwa kwa utaratibu gani, yaani ziliongezwa au kupunguzwa vipi hadi sentimita kamili. Jambo hili la mwisho hudharauliwa mno. Katika gogo la kipenyo cha sentimita 50, kosa la sentimita 1 tu katika kipenyo hubadilisha ujazo kwa takriban asilimia 4, kwa sababu kipenyo huzidishwa kwa chenyewe, wakati kosa la sentimita 5 katika urefu wa mita 4 hubadilisha ujazo kwa asilimia 1.25. Anayetaka kuiba kwa utepe hahitaji kugusa urefu.

Kwa upande wa mkaguzi, sheria humpa uwezo wa kusimamisha mzigo anaoutilia shaka, na shaka yake ilikuwa halali. Kosa lilikuwa kuiandika shaka hiyo kama kipimo. Karatasi yake ilipaswa kusema kwamba makadirio ya haraka ya ncha zinazoonekana yametofautiana sana na hati, na kwamba mzigo unapelekwa kwenye uwanja wa kushushia ili upimwe kwa utaratibu uliowekwa. Badala yake iliandika ziada ya mita za ujazo 8.00 kama jambo lililokwisha kuthibitika, na dereva, ambaye hakukata mti wala kupima gogo, akalala mahabusu kwa sababu ya namba hiyo.

Namba ya hati

Upande wa pili, hati ilikuwa na kasoro yake. Afisa aliyepima magogo katika kituo cha kukusanyia alizungusha utepe katikati ya kila gogo baada ya kubandua gome mahali hapo, akagawanya mzingo kwa nne, akaizidisha robo hiyo kwa yenyewe, kisha akazidisha kwa urefu. Majedwali ya kipimo hiki yalienezwa na Mwingereza Edward Hoppus, aliyeyachapisha mwaka 1736, na kwa zaidi ya karne mbili yamewafaa wafanyabiashara wanaotaka kukadiria mti utakaobaki baada ya gogo kupasuliwa. Mraba ambao upande wake ni robo ya mzingo una eneo la asilimia 78.5 tu ya duara lenye mzingo huohuo. Kati ya muuzaji na mnunuzi wanaojua wote wawili kinachofanyika, hakuna ubaya. Lakini kanuni zilizotawala kibali katika kisa hiki zilitaka ujazo halisi bila gome, na hapo kipimo cha robo ya mzingo kinaficha zaidi ya sehemu moja kwa tano ya kila gogo.

Kurudisha ujazo halisi ni rahisi: namba ya robo ya mzingo huzidishwa kwa 1.273. Mita za ujazo 9.88 za hati zinakuwa 12.58.

Mzigo uliposhushwa, kila gogo lilipewa namba ya rangi, likapigwa picha ncha zote mbili, likapimwa kipenyo katika pande mbili zinazokatana kwa pembe mraba, katikati na kwenye ncha, na unene wa gome ukachukuliwa mahali palepale. Mwenye kibali na mwakilishi wake walikuwepo, wakatia saini kila ukurasa pamoja na wapimaji, na utepe ulilinganishwa na rula ya kiwango kabla ya kuanza na baada ya kumaliza. Kwa kanuni ya Huber bila gome, jumla ilikuwa mita za ujazo 12.58. Ziada ya mita 8.00 iliyodaiwa kizuizini ikawa imeelezwa yote: sehemu ilitokana na ncha nene na gome alivyovipima mkaguzi, na iliyobaki ilitokana na robo ya mzingo aliyoitumia afisa wa kituo. Uzito wa lori kwenye mizani ungeweza kutumika kama kipimo cha kulinganishia, lakini mti mbichi na mti uliokaa wiki kadhaa baada ya kukatwa hutofautiana mno kwa uzito, na binafsi singejenga shtaka juu yake.

Katika hatua hii wapelelezi wengi hufunga jalada. Idadi ya magogo imelingana na hati, ujazo umeelezeka, nyundo imegongwa, na aliyekosea anaonekana kuwa ni ofisi yenyewe. Mwenye kibali aliomba aachiliwe na aombwe radhi, na kwa ushahidi uliokuwepo mezani siku hiyo alikuwa na haki ya kuomba hivyo.

Kuhesabu miguu

Kilichoendeleza uchunguzi ni swali ambalo halihusu ujazo hata kidogo: katika magogo haya 14, ni mangapi yaliyokatwa kutoka ardhini? Gogo la chini la mti hubeba kwenye ncha yake nene kumbukumbu ya kuangushwa. Kuna uso wa mkato wa mwelekeo uliotolewa upande ambao mti ulitakiwa uangukie, kuna uso wa mkato wa nyuma, na kati yake kuna ukanda mwembamba wa nyuzi zilizochanika pale mti ulipoinama na kuvunjika. Gogo la pili au la tatu la mti huohuo limekatwa likiwa limelala, hivyo nyuso zake zote mbili ni bapa. Hata mtu akisawazisha ncha ya gogo la chini ili kuondoa alama hizo, mara nyingi mtanuko wa shina kuelekea mizizini hubaki, kwa sababu kuuondoa wote ni kutupa mti mwingi ambao angeuuza.

Magogo 8 yalikuwa ya chini. Saba yalionyesha nyuso za kuangushwa waziwazi, na moja lilikuwa limesawazishwa lakini mtanuko wake ulikuwa bado unaonekana. Kibali kilikuwa cha miti 6. Ipo miti inayotoa mashina mawili kutoka kisiki kimoja, na wakili wa utetezi angeliuliza hilo mapema, lakini orodha ya miti iliyoambatanishwa na kibali ilieleza kwamba kila mmoja wa miti hiyo 6 una shina moja. Miti 6 yenye shina moja moja haiwezi kutoa magogo 8 ya chini.

Hoja hii inanivutia kwa sababu haitegemei kanuni yoyote ya ujazo. Haibadiliki kwa gome wala kwa utaratibu wa kukadiria namba, na inaweza kuthibitishwa na hakimu mwenyewe akiwa amesimama uwanjani mbele ya magogo. Wakaguzi hufundishwa kwa muda mrefu namna ya kupata mita za ujazo, lakini kuhesabu magogo ya chini hakufundishwi kwa uzito huo, ingawa ni kazi ya dakika chache.

Kikosi kilikwenda kwenye kitalu. Visiki 6 vyenye alama ya nyundo na namba za orodha vilipatikana, kila kimoja kikiwa na mashada ya matawi yaliyoachwa, na umbali kati ya kila kisiki na shada lake ulitosha magogo mawili ya mita 4. Hiyo iliyapa maelezo magogo 12. Yakabaki mawili. Kikosi hakikuzunguka msitu mzima kwa kubahatisha. Kilirudi kwenye kituo cha kukusanyia na kufuata njia za kuburuzia magogo moja baada ya nyingine, kwa sababu gogo la zaidi ya nusu tani haliondoki mahali bila kuacha alama ardhini. Njia mojawapo ilivuka mpaka wa kitalu na kuelekea kwenye kijito, na huko vilipatikana visiki viwili vilivyokatwa karibu na ardhi na kufunikwa kwa udongo na majani.

Kisiki cha kwanza, ambacho nitakiita A, kilikuwa mita 60 nje ya mpaka. Umbali huo una maana, kwa kuwa kifaa cha mkononi cha kusomea mahali kwa setilaiti kinaweza kukosea mita kadhaa chini ya miti mirefu. Kama kisiki kingekuwa mita 5 tu nje ya mpaka, kusoma namba kwenye kifaa kusingetosha, na mpaka ungelazimika kupimwa upya kwa kamba na dira kutoka kwenye nguzo zake. Kisiki cha pili, B, kilikuwa mita 9 kutoka ukingo wa kijito, ndani ya ukanda wa mita 30 ambao kanuni za kisa hiki zinakataza kukata mti wa ukubwa wowote. Umbali huu ulipimwa kwa utepe, na ndivyo inavyopaswa kila mahali ambapo utepe unafika.

Kuoanisha kisiki na gogo kulifanyika kwa karatasi nyembamba iliyowekwa juu ya uso wa kisiki na kuchorwa mzunguko wake, mahali pa kiini, nyufa, na mstari wa nyuzi zilizochanika. Mchoro huo ulipogeuzwa na kuwekwa juu ya ncha za magogo ya chini, gogo namba 9 lililingana na kisiki A na gogo namba 13 lililingana na kisiki B. Gogo 13 ndilo lililosawazishwa, na kwa kuwa nyuzi zake za kuchanika hazikuwepo tena, ulinganifu wake ulitegemea kiini kilichokaa pembeni na ufa mmoja uliopinda, ambao ni ushahidi mzuri lakini si mzito kama wa gogo 9. Vipande vidogo vya mti vilichukuliwa kutoka visiki vyote viwili na magogo yote mawili kwa ajili ya kulinganisha DNA. Njia hii imekwisha kutumika mahakamani: mwaka 2021, katika kesi iliyohusu miti aina ya Acer macrophyllum iliyokatwa katika msitu wa taifa wa Olympic, jimbo la Washington, Marekani, ushahidi wa DNA ya miti ulitumika kuoanisha mbao zilizouzwa na visiki vilivyobaki msituni, na mshtakiwa akatiwa hatiani. Ni njia ya gharama, na pale ambapo nyuzi zilizochanika zinaingiana zenyewe sioni haja yake; kwa gogo 13 ilistahili.

Ukubwa wa mti A ulibaki kuthibitishwa. Kipenyo cha usawa wa kifua hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini, na mti ulikuwa umekwisha kuanguka, lakini mahali hapo hapajapotea. Kisiki kilikuwa na kimo cha sentimita 20, hivyo sehemu iliyokuwa usawa wa kifua ilikuwa kwenye gogo 9 lenyewe, sentimita 110 kutoka ncha yake ya chini. Kipenyo hapo, pamoja na gome lililokuwa bado limeshika, kilikuwa sentimita 44. Upana wa mkato wa msumeno wa mnyororo ni takriban sentimita 1, na hata mtu akiruhusu kosa la sentimita 10 katika kutafuta mahali penyewe, unene wa shina haubadiliki kiasi cha kufikia sentimita 50.

Ujazo unaoweza kusimama

Hapo ndipo ujazo ulirudi kwenye kazi yake halali, yaani kusema ni kiasi gani cha mti kilichukuliwa, baada ya kujulikana ni mti upi. Gogo 9, lenye kipenyo cha katikati cha sentimita 40 bila gome, lilikuwa na mita za ujazo 0.503. Gogo 13, lenye sentimita 56, lilikuwa na 0.985. Juu ya gogo 9 shina la mti A lilikuwa limeendelea mita 3.6 nyingine hadi kwenye shada la matawi lililoachwa, na kipande hicho hakikuwepo. Karibu na kisiki kulikuwa na rundo la vumbi la msumeno na mapande ya magome, ishara kwamba kilipasuliwa mbao papo hapo. Mbao zenyewe hazikupatikana. Hata hivyo ncha zake mbili zilibaki: ya chini ni ncha nyembamba ya gogo 9, sentimita 38 bila gome, na ya juu ni uso uliokatwa wa shina lililobaki kwenye shada, sentimita 34. Kwa kanuni ya Smalian, kipande kilichopotea kilikuwa na mita za ujazo 0.368. Sehemu ya juu ya mti B, mita 2.8 yenye kipenyo cha katikati cha sentimita 48, ilikuwa imepasuka wakati wa kuanguka na kuachwa imelala ndani ya kijito. Ilipimwa papo hapo na kupata 0.507, ikahesabiwa kwa sababu shtaka ni la kukata mti, na mti huo ulikatwa wote.

Jumla ni mita za ujazo 2.363. Ni chini ya theluthi moja ya zile 8.00 za kizuizini, lakini kila sehemu yake ina kisiki, ina kanuni iliyotajwa, na ina uso ambao mtu anaweza kwenda kuupima tena. Napendelea shtaka dogo la namna hii mara elfu kuliko kubwa linaloanguka mbele ya swali la kwanza la utetezi.

Palikuwa na mtego mmoja njiani. Tofauti kati ya hati na kipimo cha uwanjani ni 12.58 kutoa 9.88, yaani mita za ujazo 2.70, na mmoja wa waendesha mashtaka alipendekeza tofauti hiyo itajwe kuwa ndiyo miti miwili iliyoibwa, kwa kuwa namba zinakaribiana. Zimekaribiana kwa bahati tu. Zile 2.70 zimetawanyika katika magogo yote 14, halali na haramu, kwa uwiano uleule, na zingekuwepo hata kama miti A na B ingekuwa bado imesimama. Kuziunganisha kungempa wakili wa utetezi nafasi ya kuonyesha, kwa hesabu ya mistari mitatu, kwamba upande wa mashtaka hauelewi vipimo vyake wenyewe.

Nafasi ndani ya kibali

Uhusiano wa kweli kati ya kosa la kipimo na wizi upo mahali pengine. Magogo 12 ya miti halali yalikuwa na ujazo halisi wa mita 11.09, na kibali kiliruhusu 11.20. Aliyekadiria miti hiyo ikiwa imesimama alifanya kazi nzuri sana. Kama kituo cha kukusanyia kingetumia ujazo halisi, magogo hayo 12 yangeukaribia ukomo wa kibali, na kuongeza mengine mawili kungefikisha 12.58, yaani ziada ya 1.38 ambayo mwandishi wa hati asingeweza kuipuuza bila kuonekana. Kwa robo ya mzingo, magogo 12 yalisomeka 8.71 tu. Karibu mita za ujazo 2.5 za kibali zikaonekana kuwa bado hazijatumika, na magogo mawili kutoka nje ya kitalu, yaliyosomeka 1.17, yakaingia humo kwa raha na bado pakabaki nafasi.

Nyundo ilipogongwa kwenye gogo 9 na gogo 13, yakawa magogo halali kwa kila mtu atakayeyaona baadaye. Mnunuzi wa mbali, hata awe chini ya sheria ya Marekani ya mwaka 1900 iliyopanuliwa mwaka 2008 kuhusisha mbao zilizokatwa kinyume cha sheria za nchi zilikotoka, au chini ya kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2010 iliyowataka waingizaji wa mbao kuchunguza asili yake, angeletewa hati ya magogo 14 na angeyahesabu 14. Udhaifu ulikuwa kwenye kituo cha kukusanyia: afisa alipima magogo yaliyoletwa mbele yake bila kuuliza yametoka kwenye visiki vipi, na fomu aliyojaza haikuwa na mahali pa kuandika namba ya mti.

Nani ashtakiwe, na kwa lipi

Dereva aliachiliwa. Alikuwa na hati inayolingana na idadi ya mzigo, na hakuna kilichoonyesha kwamba alijua zaidi ya kile kilichoandikwa. Mwenye kibali alishtakiwa kwa kukata mti nje ya kitalu chini ya kipenyo kinachoruhusiwa, kwa kukata mti ndani ya ukanda wa kijito, na kwa kumiliki mazao ya miti hiyo miwili. Kufunikwa kwa visiki na kusawazishwa kwa gogo 13 kulisaidia kuonyesha kwamba hakikuwa kitendo cha kukosea mpaka. Kuhusu afisa wa nyundo, kutumia kanuni isiyo sahihi hakutoshi kumtia hatiani, kwa kuwa majedwali aliyoyatumia alikabidhiwa na ofisi. Kinachopaswa kuchunguzwa kwake ni kama aliwahi kufika kwenye visiki, kwa kuwa saini yake kwenye hati inatamka kwamba alifika.

Karatasi ya kizuizini yenye mita za ujazo 17.88 ilibaki ndani ya jalada. Wapo waliotaka iondolewe ili isichanganye mahakama. Kuiondoa kungekuwa kosa baya kuliko kuiandika: utetezi ulikuwa na nakala yake, na zaidi ya hapo mshtakiwa ana haki ya kuona kila kipimo kilichochukuliwa dhidi yake. Iliambatanishwa na maelezo ya ukurasa mmoja yanayoonyesha kwa gogo moja jinsi 1.21 inavyokuwa 0.85.

Magogo 12 halali yalirudishwa kwa mwenyewe baada ya kulipia ujazo halisi uliokuwa umefichwa na robo ya mzingo, kwa sababu mti uliokatwa huanza kushambuliwa na wadudu na kuvu mapema, na kuyashikilia hadi hukumu kungeharibu mali ambayo hakuna anayedai kuwa iliibwa. Magogo 9 na 13 yalizuiliwa. Ncha zake za chini zilikatwa vipande vya unene wa sentimita 10, vikapakwa rangi ya kuzuia kupasuka na kuhifadhiwa pamoja na vipande vya visiki, kila kimoja kikiwa na lebo inayoandika nani alikipokea na lini.

Kazi iliyobaki ni daftari la nyundo, yaani kumbukumbu ya magogo yote yaliyogongwa alama kituoni. Jedwali lilelile la robo ya mzingo limetumika kwa kila hati iliyotoka katika kituo hicho, na kila ujazo uliomo unaweza kuzidishwa kwa 1.273 na kuwekwa kando ya kibali chake. Hati itakayobaki chini ya kibali baada ya kuzidishwa haisemi lolote baya. Itakayozidi haithibitishi wizi, kwa sababu huenda aliyekadiria miti iliyosimama alikadiria pungufu, lakini inatoa namba ya kitalu, na katika kitalu hicho mtu anaweza kwenda kuhesabu visiki kabla mvua na machipukizi hayajavifunika.